Usimtazame Dume, Waulize Ndugu Zake

Mazungumzo yetu leo ni ya mbwa anayejikuna. Najua baadhi yenu mmeshanyoosha mkono kwenye kitufe: mbwa kujikuna, nalo ni jambo la kutangazwa redioni? Na wengine mnaishi katika nyumba ambazo mbwa hapiti kizingiti, akigusa mkeka, mkeka unafuliwa. Vumilieni kidogo. Mbwa ninayemtaja hapa amefundishwa kumwongoza mtu asiyeona, na anaposimama ghafla kando ya barabara, aliyeshika mpini wa mkanda wake hawezi kujua papo hapo kama kuna gari linakuja au kuna sikio linawasha.

Ugonjwa wenyewe ni mzio wa ngozi wa kurithi, au aleji kama wengi tunavyosema. Madaktari wa mifugo huuita atopi. Mbwa wa namna hii huzaliwa na ngozi isiyozuia vizuri vitu vya nje, pamoja na kinga ya mwili inayochachamaa kwa mambo madogo. Vumbi la nyumbani lenye utitiri usioonekana kwa macho, chavua ya nyasi na miti, ukungu wa kwenye kuta, vitu ambavyo mbwa wenzake huvivuta puani kila siku bila habari, yeye humletea mwasho. Mara nyingi dalili huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Mbwa hulamba nyayo za mbele mpaka manyoya yanabadilika rangi, husugua uso kwenye zulia, masikio hupata joto na kutoa harufu, na kwapani na tumboni ngozi huwa nyekundu. Akishajichubua, bakteria na fangasi wanaoishi hapo kwa amani wanapata mlango, na wao huongeza mwasho wao juu ya ule wa kwanza. Kupona kabisa ni nadra sana. Hutulizwa, leo na kesho na mwaka ujao.

Sasa fikiria kwamba mwenye mbwa haoni. Wekundu wa ngozi hauoni, lakini dalili nyingine huzitambua kwa vidole na kwa pua: sikio lenye joto kuliko jana, unyevu kati ya vidole vya mguu, harufu ya fangasi mbwa anapojikung'uta. Wengi wa watu hawa huwa hodari sana katika ukaguzi huo, pengine kuliko sisi tunaotegemea macho. Lakini mbwa mwenyewe anafanya kazi ya kuwa makini, na mwasho ni adui mkubwa wa umakini. Wewe mwenyewe jaribu kufanya hesabu ndefu huku mbu amekuuma mahali pasipofikika. Tena mbwa huyu hawezi kukwepa kinachomdhuru. Anapanda mabasi, anaingia ofisini, analala juu ya mazulia ya watu, anavuka bustani za mji wakati nyasi zimechanua. Huwezi kumwambia abaki nyumbani msimu wa chavua, maana akibaki yeye anabaki na mtu wake.

Dawa zipo, na mimi sizibezi. Zile za jamii ya kotizoni hutuliza mwasho upesi, ila humfanya mbwa anywe maji mengi, akojoe kila baada ya muda mfupi, na awe na njaa isiyoshiba. Mbwa wa uani atavumilika. Anayeshinda chini ya meza ya ofisi ya watu, na anayepita mbele ya duka la chipsi akiwa kazini, ni habari nyingine: njaa ile inamvuta kuokota vipande barabarani, na mafunzo ya miezi yanaanza kumomonyoka kwa sababu ya kidonge. Siku hizi kuna dawa za kisasa zaidi. Vidonge vya oklasitinibu viliidhinishwa Marekani mwaka 2013, baadaye ikaja sindano ya lokivetimabu inayochomwa takriban mara moja kwa mwezi, na zote mbili zimewapa mbwa wengi usingizi wa usiku. Bei yake si ya mchezo, na hulipwa kwa maisha yote ya mbwa.

Ndiyo maana shule zinazofundisha mbwa waongozaji ziliamua zamani kwamba sehemu ya tiba ifanyike kabla mbwa hajazaliwa. Yaani wachague nani apandishwe na nani asipandishwe.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu historia yake inasisimua. Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Baada ya vita hivyo, juu ya milima ya Uswisi karibu na Vevey, bibi mmoja tajiri wa Kimarekani aitwaye Dorothy Harrison Eustis alikuwa na shamba lililoitwa Fortunate Fields, akizalisha mbwa wa jamii ya German Shepherd kwa ajili ya kazi: polisi, jeshi, forodha. Mwaka 1927 aliandika katika jarida la Saturday Evening Post juu ya mbwa wa wasioona aliowaona Ujerumani. Kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank, alisomewa makala ile, akamwandikia, na mwaka 1928 akasafiri Uswisi na kurudi Marekani na mbwa jike aliyempa jina la Buddy. Mwaka 1929 wakaanzisha shule, The Seeing Eye, ambayo leo iko Morristown, jimbo la New Jersey, na bado inafundisha mbwa.

Watu husimulia sana safari ya Morris Frank, na wana haki. Mimi kinachonivutia zaidi ni madaftari ya Fortunate Fields. Elliott Humphrey, aliyesimamia mafunzo na uzalishaji pale, aliandika rekodi za kila mbwa: kitabia, kimwili, kikazi, na wazazi wake ni nani. Mwaka 1934 yeye na mwenzake Lucien Warner walichapisha kitabu kiitwacho Working Dogs, kikionyesha kwamba tabia ya kazi hurithiwa na inaweza kuchaguliwa kizazi hadi kizazi. Miaka ile wafugaji wengi wa mbwa walikuwa wanatafuta nishani za maonyesho, mkia ulivyo, masikio yalivyo. Hawa wawili walikuwa wanahesabu nani alifaulu kazini na nani alirudishwa nyumbani.

Kuhesabu waliorudishwa nyumbani ndiyo hoja yangu ya leo.

Tuje kwenye ngozi. Je, mzio huu unarithiwa kweli, au ni bahati mbaya ya mbwa mmoja mmoja? Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya juu ya mbwa wa jamii ya Labrador na Golden Retriever kutoka mpango wa uzalishaji wa mbwa waongozaji. Walichunguza mbwa 429 waliohusiana kwa damu na mbwa 13, wengi wao madume ya kupandishia. Hesabu yao ilitoa kiwango cha urithi cha 0.47. Tafsiri yake ni hii: ukizichukua tofauti zote zilizokuwepo baina ya mbwa wale, huyu anaumwa na yule haumwi, karibu nusu ya tofauti hizo zilitoka katika damu ya wazazi. Nusu nyingine ilitoka kwingine, nyumba aliyolelewa, hewa, chakula, na mengine ambayo hayana jina. Haina maana kwamba nusu ya watoto wataugua. Watu hukosea sana hapo, hata waliosoma.

Kwa mambo ya urithi, 0.47 ni nyingi. Kuna mambo ambayo wafugaji wa ng'ombe wameyaboresha kwa miongo mingi huku kiwango chake cha urithi kikiwa pungufu ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo mtu angedhani kazi ni nyepesi: mbwa anayejikuna asizae, mambo yamekwisha. Wazee wetu nao walisema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Tatizo ni kwamba katika ugonjwa huu nyoka huzaliwa pia na wasio nyoka. Wazazi wawili wenye ngozi safi kabisa huweza kupata watoto wanaojikuna, kwa sababu mzio huu hauletwi na jeni moja pekee. Ni jeni nyingi, kila moja ikiongeza kidogo. Dume anaweza kubeba mzigo ambao haukutosha kumwangusha yeye, akakutana na jike aliyebeba mzigo wa aina hiyohiyo, na watoto wakaangukia upande wa pili. Watafiti wa Sweden mwaka 2013 walitangaza kwamba kwa mbwa wa German Shepherd eneo fulani katika kromosomu ya 27 linahusika, mahali penye jeni iitwayo PKP2, ambayo hushiriki katika kuzishikamanisha chembe za ngozi. Ugunduzi mzuri, lakini ni kipande kimoja cha mchanganyiko mrefu, na kwa jamii moja ya mbwa. Mtu akikuuzia kipimo cha damu kitakachokuambia leo kama mtoto huyu wa mbwa atakuwa na mzio au hatakuwa nao, funga pochi yako.

Kuna pia kikwazo cha umri. Mtoto wa mbwa wa kuongoza akifika wiki 8 hivi huenda kulelewa na familia ya kujitolea kwa mwaka mmoja na zaidi. Kisha hurudi shuleni kwa miezi kadhaa ya mafunzo. Katika kipindi hichohicho, mbwa akiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili, shule inaamua nani aingie katika kundi la wazazi. Na mzio, nimesema, unaweza kusubiri mpaka miaka 3. Basi unamchagua dume leo, mzuri, mtulivu, ngozi inang'aa, anazaa watoto thelathini, halafu akiwa na miaka miwili na nusu anaanza kulamba nyayo.

Hapo ndipo elimu ya ng'ombe ilipookoa mbwa. Wasikilizaji wangu wa Kiambu, Rungwe na Njombe mnaotumia mbegu za chupa mnalijua hili vizuri kuliko mimi. Fahali hakamuliwi. Hata hivyo bwana wa uhimilishaji anakuja na orodha inayosema fahali huyu ni wa maziwa mengi na yule ni wa kawaida. Ameyajuaje, na fahali hana kiwele? Kwa kuwaangalia binti zake, dada zake, mama yake. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Charles Henderson, ndiye aliyetengeneza njia ya kihesabu ya kuzikusanya habari za ndugu wote, wa karibu na wa mbali, na kuzitoa kama alama moja ya kila mnyama, alama ya kile anachotazamiwa kuwapa watoto wake. Njia hiyo ilienea kwanza kwenye ng'ombe wa maziwa. Mbwa wakaja kuirithi baadaye, na kwao ilikuwa inafaa kwa sababu ileile: mbwa ambaye bado hajaugua unaweza kujua mengi juu yake kwa kuwauliza kaka zake, shangazi zake, na watoto wa shangazi zake.

Kama mnataka ushahidi kwamba inafanya kazi, The Seeing Eye wanao. Si wa ngozi, ni wa nyonga. German Shepherd na Labrador wanasumbuliwa na ugonjwa wa kurithi wa kiungo cha nyonga kukaa vibaya. Mtaalamu wao wa jenetiki, Eldin Leighton, alichapisha mwaka 1997 matokeo ya kuchagua wazazi kwa njia hii. Katika vizazi visivyofika 5, German Shepherd wenye nyonga mbovu walishuka kutoka asilimia 55 hadi 24. Labrador walishuka kutoka asilimia 30 hadi 10. Hakuna dawa yoyote ya nyonga iliyofanya hivyo. Zilikuwa picha za eksirei, daftari, hesabu, na ujasiri wa kumwacha dume mzuri bila kumpandisha kwa sababu ndugu zake wana nyonga mbaya.

Ngozi ni ngumu kuliko nyonga, na hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo watu hukata tamaa mapema.

Nyonga unaipiga picha siku moja, mbwa akiwa na umri uliopangwa, na picha inabaki. Mwasho haupigwi picha. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha atopi. Daktari hufika kwenye jina hilo baada ya kuondoa mengine. Kwanza viroboto, kupe na upele wa utitiri wa ngozini. Halafu chakula: mbwa hulishwa chakula cha aina moja tu kwa wiki 8 hivi kuona kama mwasho unaisha. Vipimo vya damu au vya kuchoma ngozi vinavyosema mbwa ana mzio wa utitiri wa vumbi au wa nyasi huja mwishoni, kwa ajili ya kutengeneza sindano za kumzoesha vitu hivyo, na havitakiwi kutumika kuamua kama ugonjwa upo. Sasa chukua mbwa mia mbili walio katika nyumba mia mbili, wanaoonwa na madaktari mia, kila daktari na mwandiko wake. Mmoja ameandika "masikio". Mwingine "ngozi, apewe shampuu". Wa tatu "mzio?" na alama ya kuuliza. Mtaalamu wa uzalishaji afanye nini na alama ya kuuliza?

Jibu la shule zilizoendelea ni kukubaliana juu ya maneno na alama. Mbwa asiyewahi kuwashwa apate alama yake. Aliyewashwa msimu mmoja apate yake. Aliyetibiwa mwaka mzima, yake. Masikio yaliyouma mara nne ndani ya mwaka yahesabiwe kuwa habari ya ngozi, kwa sababu mara nyingi ni habari ya ngozi. Halafu alama hizo zisikae katika kabati la shule moja. Wazalishaji wa mbwa wa kazi wana chama chao cha kimataifa, na wameanzisha sajili ya pamoja iitwayo IWDR, ambamo shule za nchi mbalimbali huweka nasaba, afya na tabia za mbwa wao na kupata hesabu za urithi kwa wote. Shule ndogo yenye majike kumi haiwezi kupata jibu peke yake; idadi yake haitoshi. Ikijiunga na wengine, na hasa kwa kuwa shule hizi hubadilishana mbegu zilizogandishwa, dume wa Uingereza mwenye watoto Australia anaonekana mzima mzima.

Ndiyo, nyumba tofauti zinachanganya hesabu. Mtoto mmoja wa mbwa amelelewa katika nyumba ya mazulia mazito yaliyojaa utitiri, dada yake kakulia shambani kwenye upepo. Watafiti wa Finland wameonyesha kwamba mbwa wa mjini hupata mizio zaidi kuliko wa mashambani. Lakini tazama faida iliyojificha hapo: watoto wa dume mmoja wakitawanywa katika nyumba thelathini, nyumba mbaya na nyumba nzuri zinafidiana, na kinachobaki juu ni baba. Mfugaji wa kawaida anayefuga mbwa wote katika banda moja hana bahati hiyo.

Sasa zile dawa nzuri nilizozisifu zinarudi, na safari hii na hila. Jike mwenye mzio anayemeza kidonge chake kila asubuhi ana ngozi laini. Akikaguliwa siku ya kuchaguliwa, anapita. Kidonge kimetuliza mwasho wake, hakijagusa hata herufi moja ya jeni zake. Atazaa, na watoto wake watahitaji vidonge. Nionavyo mimi, hii ndiyo hatari kubwa ya miaka hii: dawa zikizidi kuwa nzuri, ndivyo mzalishaji mvivu anavyopata ruhusa ya kutojali. Shule makini zina kanuni rahisi, mbwa anayehitaji dawa ya mwasho anaandikwa mgonjwa hata kama hajikuni. Kanuni hiyo ingefaa kuandikwa ukutani katika kila banda la mbwa duniani.

Na wale walioondolewa? Mbwa mwenye mzio mkali hutolewa katika mafunzo na kupewa familia imfuge kama mbwa wa nyumbani. Anapata maisha mazuri, watoto wanamchezea, mkasa umeisha. Kwa shule isiyojua kazi yake, jina lake linafutwa kwenye orodha. Hapo ndipo habari ya thamani kuliko zote inapotupwa. Mbwa aliyefaulu anakuambia kidogo tu juu ya baba yake. Aliyeshindwa, na sababu ya kushindwa, na umri aliposhindwa, anakuambia mengi, na kuhusu ndugu zake wote waliobaki kundini. Ukiwaweka waliofaulu tu katika daftari, kila dume ataonekana malaika. Shule nzuri humpigia simu yule aliyemchukua mbwa aliyeondolewa, mwaka baada ya mwaka: mbwa wetu anaendeleaje, anajikuna, masikio vipi? Inaonekana kazi ya karani. Mimi naiweka juu ya kazi ya daktari.

Wapo watakaosema: basi tukate wote wenye alama mbaya, tumalize ugonjwa katika vizazi viwili. Hapana. Kundi la mbwa waongozaji si kubwa. Ukikata wengi mno kwa ajili ya ngozi, wanaobaki wote wanakuwa binamu, na magonjwa mengine yaliyokuwa yamelala yanaamka. Tena ngozi si jambo pekee. Mbwa huyu anatakiwa awe na nyonga nzuri, viwiko vizuri, macho mazima, asiogope lori, asimfukuze paka, aweze kukataa amri ya bwana wake pale amri hiyo inapowapeleka wote wawili chini ya gari. Kila sifa unayoiongeza katika orodha inapunguza nguvu ya kuchagua nyingine. Labrador mwenye alama ya ngozi ya wastani na moyo usiotetereka anaweza kuwa mzazi bora, mradi apewe mwenza ambaye ukoo wake una ngozi safi. Hapo ndipo busara ya mzalishaji inapotakiwa, hesabu zimeshafanya kazi yake.

Kuna pia wanaodhani kuchanganya jamii mbili ndiyo dawa. Uingereza kwa miaka mingi wamezalisha mchanganyiko wa Labrador na Golden Retriever kwa kazi hii, na ni mbwa wazuri mno kwa tabia. Lakini jamii zote mbili zina mzio, na kuchanganya wawili wenye mzigo mmoja hakuondoi mzigo. Na kwa kuwa jina Labradoodle limeenea, niliseme hili kwa kupita: mbwa yule alizalishwa Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 na Wally Conron, kwa ajili ya mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na aleji ya manyoya ya mbwa. Mzio uliokuwa unatafutiwa ufumbuzi ulikuwa wa mume. Ngozi ya mbwa haikuulizwa. Leo watu wanalipa pesa nyingi kwa mchanganyiko huo wakiamini umeponya kila kitu, na Conron mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta kuuanzisha.

Mtaniuliza, na sisi? Afrika Mashariki hatuna mashirika makubwa ya kuzalisha mbwa waongozaji, lakini mbwa wa kazi tunao, tena wa gharama. Mbwa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hunusa meno ya tembo katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Nairobi. Shirika la African Wildlife Foundation lilianza mwaka 2014 mpango wa mbwa wa kuwalinda wanyamapori, na mafunzo yake yamefanyika Usa River karibu na Arusha. Wengi wa mbwa hawa hununuliwa Ulaya, ambako ukoo wao umeandikwa. Ajabu ndogo ni kwamba kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Tanzania, kile cha mbegu za ng'ombe, nacho kipo Usa River. Elimu ya kusoma alama za ukoo na mbwa wanaoihitaji ni majirani.

Kwa hali ya kwetu, mbwa akijikuna usikimbilie neno mzio. Huku kwetu kuna kupe, kuna viroboto, kuna upele wa utitiri. Tibu hivyo kwanza, tena kwa ukamilifu, mbwa wote wa boma pamoja na malazi yao, sio yule mmoja anayelia. Asilimia kubwa ya mbwa wetu wataishia hapo, wamepona. Anayebaki anajikuna baada ya hayo yote, hasa nyayo za mbele, masikio na kwapani, na alianza kabla hajatimiza miaka 3, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo ukamwambie hivyo hivyo kwa mpangilio huo.

Ombi langu ni kwa ninyi mnaozalisha German Shepherd na Malinois wa ulinzi na kuwauza kuanzia Karen hadi Mbezi. Biashara ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini dume wenu mnayemtangaza kwa kichwa chake kikubwa na cheti chake cha nje, kabla hamjampandisha tena, tafuteni namba za simu za watu kumi walionunua watoto wake wa kwanza. Waulizeni swali moja: mbwa anajikuna, na alianza lini? Andikeni majibu, hata yale msiyoyapenda. Na wewe uliyenunua, mbwa wako akithibitishwa na daktari kuwa na mzio, usinyamaze kwa aibu au hasira. Mpigie aliyekuuzia umwambie, na umwombe aliandike jina la mbwa huyo pamoja na majina ya baba na mama yake. Akikataa kuandika, mbwa wa pili kanunue kwingine.